Mali Kauli: Damu, Utani na Deni kwenye Njia ya Unyamwezi

Karibu na mwaka 1870 Hamed bin Muhammed el Murjebi, ambaye bara walimpa jina la Tippu Tip, aliagana na watu wake Unguja akavuka kwenda Mrima na shehena ya nguo, shanga, bunduki na baruti. Sehemu kubwa ya shehena hiyo haikuwa yake. Tegemeo lake kuu lilikuwa Taria Topan, tajiri wa Kihindi mwenye asili ya Kutch, mmoja wa wakopeshaji wakubwa wa mji ule. Hamed alifika Tabora, akazunguka kusini ya ziwa Tanganyika, akaingia Manyema hadi mto Lualaba, na Unguja hawakumwona tena mpaka 1882. Miaka 12 tajiri alikaa na daftari lake akingoja.

Mkopo wa namna hii uliitwa mali kauli. Bidhaa zilitoka dukani kwa neno la mkopaji. Yeye akaenda nazo bara, akazibadilisha kwa pembe za ndovu, akarudi, na pembe zikalipa bidhaa pamoja na faida ya mwenye duka. Ukishavuka vichaka vya pwani hapakuwa na kadhi wa kusikiliza kesi wala askari wa kumfuata mdaiwa. Msemo wa kwamba zumari ikipigwa Unguja watu wa maziwa hucheza uliwapendeza masultani, lakini Seyyid Barghash alikuwa na liwali Tabora na barua zenye muhuri, na zaidi ya hapo hakuwa na mengi. Mtu aliyetaka kutokomea na mali ya watu alikuwa na Afrika nzima ya kutokomea ndani yake.

Na wengine walitokomea kweli. Ujiji na Nyangwe kulikuwa na watu wa pwani waliozeekea huko kwa sababu pembe zao hazikutosha madeni yao, na kurudi Unguja kulikuwa sawa na kujipeleka kwa mdai. Hata hivyo biashara haikufa. Iliongezeka, kutoka enzi za Seyyid Said, aliyehamishia makao yake Unguja kufikia 1840, hadi Wajerumani walipokuja. Kwa nini watu wasiojuana sana, wenye dini, lugha na kabila tofauti, waliendelea kuaminiana kwenye njia ya zaidi ya kilomita 800 kutoka Bagamoyo hadi Tabora, bila mtu wa kuwalazimisha?

Jibu la haraka ni jamaa. Hamed hakuingia bara kama yatima. Baba yake, Muhammed bin Juma, alikuwa amekaa Tabora miaka mingi na kumwoa Karunde, binti wa mtemi Fundikira wa Unyanyembe. Nduguye wa tumbo moja, Muhammed bin Masud el Wardi, alikuwa naye katika biashara ileile. Binamu yake, Bwana Nzige, baadaye alikaa Kasongo. Kila kituo kikubwa kilikuwa na mtu wa kwao. Upande wa matajiri hali ilikuwa hiyo hiyo: nyumba ya Jairam Shivji, Mbhatia aliyekodishiwa ushuru wa forodha ya Unguja kwa miaka mingi, iliendeshwa na watu wa ukoo na dini moja, na Taria Topan alikuwa na jamaa zake Makhoja. Ndani ya kila kundi mtu hakuhitaji karatasi. Aliyedhulumu angekutana na shangazi zake.

Lakini jibu hilo linaishia njiani. Hakuna ndoa iliyomfunga Taria Topan na Hamed. Mmoja alikuwa Khoja wa Ismailia, mwingine Mwarabu wa pwani mwenye damu ya Kiafrika. Hawakuswali msikiti mmoja na hawakuzikana. Na kati ya Bagamoyo na Tabora kulikuwa na Wazaramo, Wakwere, Wasagara na Wagogo, ambao hawakumhusu yeyote kati yao. Ukaribu ulikuwepo kwenye ncha mbili za njia. Katikati palikuwa patupu, na katikati ndiko mzigo ulikopita.

Wabebaji wa mzigo huo wengi wao walikuwa Wanyamwezi, na hapa nataka kukaa kidogo, maana wasomaji wengi wamezoea picha ya mpagazi aliyeswagwa kama mnyama. Kweli watumwa walibebeshwa pembe, na wengi walifia njiani. Ila Mnyamwezi wa msafara mara nyingi alikuwa mtu huru aliyepatana ujira wake. Babu zake walianza kushuka pwani na pembe zao wenyewe mwanzoni mwa karne ya 19, kabla Mwarabu hajajenga Tabora. Alisafiri kiangazi na kurudi mvua zikikaribia, awahi kulima. Mzigo wake ulikuwa frasila 2 hivi, yaani zaidi ya kilo 30, na safari ya kupanda kutoka pwani ilichukua miezi 3 au zaidi.

Msafara haukuwa kundi moja la watu mia tano. Uligawanyika katika kambi, yaani vikundi vya watu wachache waliokula chungu kimoja, na mara nyingi wa kambi moja walitoka kijiji kimoja au walikuwa ndugu. Jioni mizigo ilipotuliwa kila mmoja alijua zamu yake: huyu maji, yule kuni, mwingine anakata matawi ya kibanda. Posho ilipimwa kwa kibaba au kutolewa kwa nguo ya kubadilisha na wenyeji, na kambi ikapika pamoja. Mwenzao akishikwa na homa walimgawia mzigo wake mabegani mwao, kila mtu kidogo. Burton, msafiri Mwingereza aliyepita njia hii 1857, aliwalalamikia sana wapagazi, kama alivyolalamikia karibu kila kitu, lakini alikiri kwamba Mnyamwezi huru akitoroka kwa kawaida huuacha mzigo. Alitoroka na ngozi yake, si na nguo za tajiri.

Sababu haina fumbo. Kirangozi, yaani kiongozi aliyetangulia mbele ya msafara, alikuwa mtu wa kwao. Wizi wa mzigo mmoja ungesimuliwa kijijini kabla mwizi hajafika, na msimu ujao nani angempokea kwenye chungu chake?

Mwaka 1984 Robert Axelrod, mtaalamu wa siasa wa Marekani, alichapisha kitabu kuhusu jinsi ushirikiano unavyochipuka kati ya watu wabinafsi. Aliwaalika wataalamu walete programu za kompyuta zishindane katika mchezo ambao kila mchezaji anaweza kumsaidia mwenzake au kumsaliti, mara nyingi mfululizo. Iliyoshinda ilikuwa fupi kuliko zote: anza kwa wema, kisha mtendee mwenzako kama alivyokutendea mara iliyopita. Siri yake ni kwamba wachezaji wanajua watakutana tena. Kirangozi angeelewa hesabu hiyo bila kompyuta. Ila Axelrod anatufikisha kwenye chungu cha kambi tu, mahali ambapo kukutana tena ni jambo la hakika. Mtaalamu mwingine, Mark Granovetter, alikuwa ametoa makala yake 1973 kuhusu nguvu ya watu tunaojuana nao kwa mbali. Aliwauliza wanaume wa mji mmoja wa Massachusetts walivyopata kazi zao, akakuta kwamba wengi wa waliopata kwa kupitia mtu waliambiwa na mtu wanayeonana naye mara chache. Ndugu na rafiki wa karibu wanajua yaleyale unayoyajua. Wa mbali ndiye mwenye habari za mbali. Wahenga wetu walisema fimbo ya mbali haiui nyoka, na kwa nyoka walisema kweli. Kwa biashara ya pembe, bila fimbo ya mbali hakuna lililofanyika.

Pasipokuwa hata na kujuana kwa mbali, gharama ilikuwa kubwa. Ugogo ndiyo mfano wake. Nchi kame, maji machache, na kila mtemi alikuwa na visima vyake. Msafara ulisimama siku moja, mbili, tatu, wajumbe wakienda na kurudi kupatana hongo: nguo ngapi za mtemi, ngapi za mama yake, ngapi za mzee aliyeleta ujumbe. Wasafiri wa Ulaya waliandika kurasa nyingi za matusi juu ya Wagogo. Mimi naona mtemi yule alifanya hesabu sahihi. Watu mia tano wasiomhusu wanakunywa maji yake, na huenda wasionekane tena. Achukue chake leo.

Wanyamwezi walipata njia nyingine ya kupita kati ya watu wasio wao, na njia hiyo ndiyo utani. Kuna makabila yaliyotaniana baada ya kupigana vita, na mengine kwa sababu ya kuoana, lakini ukitazama watani wa Wanyamwezi na Wasukuma ni vigumu kutoona njia ya msafara ndani yake: Wazaramo, Wazigua, watu wa kando ya barabara. Mtani anaweza kukutukana wewe na babu yako, akakunyang'anya kuku ukiwa unatazama, na ukikasirika wewe ndiye mkosaji. Kwa mgeni inaonekana ni upuuzi. Lakini fikiria mpagazi aliyeshikwa na tumbo la kuhara Uzaramo, msafara wake umeondoka alfajiri kwa sababu posho haingoji mgonjwa. Hana ndugu kwa mwendo wa miezi. Ana watani. Watampa uji huku wakimcheka kwamba Wanyamwezi hawajui kutembea, na akifa wao ndio watakaomchimbia kaburi. Mpaka leo wako watani wanaoshuka kaburini wakakataa kutoka hadi wafiwa watoe chochote, na wafiwa huishia kucheka na machozi yao.

Uzuri wa utani ni kwamba ulikuwa mwepesi. Haukudai ndoa, wala urithi, wala kupigania vita vya mwenzako. Mtu hakuhitaji kumjua Mzaramo yule kwa jina; kabila lake lilitosha kuanzisha mzaha, na mzaha ulikuwa mtihani. Anayevumilia kutukanwa kuhusu kuku hatakuja kukuua kwa ajili ya nguo.

Kati ya viongozi dawa ilikuwa nzito zaidi: kuchanjana. Watu wawili wanakaa uso kwa uso, wanachanjwa kidogo kifuani au mguuni, damu ya huyu inapakwa kwenye kipande cha nyama au ini na kuliwa na yule, au inapakwa moja kwa moja kwenye jeraha la mwenzake. Anayesimamia hutamka maapizo: atakayevunja aliwe na simba, chakula chake kimgeukie sumu, bunduki impasukie mkononi. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye desturi alizoziandika zilichapishwa 1903, alilichukulia jambo hili kama sehemu ya kawaida ya maisha.

Kuchanjana maarufu kuliko kote kulifanyika Aprili 1876 huko Serombo, kati ya mtemi Mirambo wa Urambo na msafiri Henry Morton Stanley. Miaka mitano nyuma, 1871, Stanley alikuwa Tabora akiwasaidia Waarabu kupigana na Mirambo huyohuyo, vita iliyoua Khamis bin Abdallah na kufunga njia ya Ujiji. Mirambo alikuwa amejenga nguvu yake juu ya ruga-ruga, vijana wengi wao waliokatika na koo zao, wakafungwa pamoja na bangi, bunduki na hofu ya kamanda wao. Sasa maadui wa jana walikaa mkekani, na Manwa Sera, nahodha wa wapagazi wa Stanley, akachanja miguu yao ya kulia na kuchanganya damu. (Asichanganywe na mtemi Manwa Sera wa Unyanyembe, aliyefarakana na Waarabu kwa kutoza kodi biashara yao na kuuawa katika miaka ya 1860.) Stanley, aliyetarajia jambazi, alishangaa kukuta mtu mwenye sauti ya upole. Akapita nchi ya Mirambo bila kuguswa.

Tazama lakini kilichofungwa na kile ambacho hakikufungwa. Mirambo alitaka kwa njia ya Stanley kuwafikia Wazungu wote, na kwa muda alifanikiwa. Mwaka 1879 daktari Southon wa wamisionari wa London alihamia Urambo. Mwaka 1880 watu wa Mirambo, vitani Mpimbwe, waliwaua Waingereza wawili, Carter na Cadenhead, na urafiki wake na John Kirk, balozi wa Uingereza Unguja, ukafifia mara moja. Damu ya Serombo ilikuwa kati ya watu wawili. Haikuwa na namna ya kwenda kwa wa tatu.

Hamed alikuwa mjanja zaidi, maana yeye hakuhitaji hata kisu. Alipoingia Utetera, magharibi ya ziwa Tanganyika, alikuwa ameshasikia kwamba zamani mabinti wa nyumba ya mtawala Kasongo Rushie walichukuliwa mateka. Akajitangaza kuwa mjukuu wa mmoja wao. Mzee Kasongo akamwamini, au akaona ina faida kuamini, akamwachia utawala wa nchi yenye pembe nyingi kuliko alivyowahi kuota. Hamed mwenyewe alisimulia jambo hilo bila haya katika habari za maisha yake, zilizochapishwa kwa Kiswahili Berlin kabla ya kifo chake 1905. Ndiyo maana nasema mkakati wa njia hii yote ulikuwa mmoja: uhusiano mwembamba ulivishwa nguo za udugu. Mtani aliitwa ndugu, mkopaji alimwita tajiri wake baba, aliyechanjwa akawa wa tumbo moja. Kila mmoja alijua si kweli kabisa, na kila mmoja aliishi kana kwamba ni kweli, mradi faida na hofu ya aibu vielekee upande huohuo.

Hapa ndipo Taria Topan alipopata usalama wake. Hakuhitaji kumpenda Hamed. Alihitaji kujua kwamba Hamed ana baba Tabora, jamaa Unguja na jina la kutunza mbele ya matajiri wote wa mji, ambao wangesikia habari zake kutoka kwa kila msafara uliorudi. Nyuzi nyembamba nyingi, zote zikipitisha maneno. Hamed alilipa, akakopa tena.

Si haki kuiita hadithi hii ya ushirikiano bila kusema ushirikiano huo ulifanya nini. Vijiji vya Manyema vilichomwa na watu walioaminiana vizuri sana. Wanawake na watoto waliofungwa minyororo walipita kwenye njia ileile ya utani, na hakuna mtani aliyewadai. Udugu unaotanuka una mpaka, na mpaka huo ulikuwa hasa pale palipokuwa na faida ya kumweka mtu nje.

Kuchanjana kulivunjika pale ambapo mmoja alikuja na kampuni nyuma yake. Oktoba 1890, huko Dagoretti, Frederick Lugard wa IBEA, kampuni ya Waingereza, alichanjana na Waiyaki wa Hinga, mzee wa Wakikuyu wa kusini. Kwa Waiyaki mapatano yalikuwa na Lugard na watu wake wote, na chakula kingeuzwa kwa amani. Lugard akaendelea na safari yake kwenda Uganda. Watu waliobaki katika ngome ya kampuni na misafara iliyofuata wakavuna mashamba ya Wakikuyu bila kulipa, na Wakikuyu wakaizingira ngome mpaka ikaachwa 1891. Kampuni ikarudi, ikajenga ngome nyingine Kabete. Agosti 1892 Waiyaki alikamatwa na kupelekwa pwani. Alifia njiani, Kibwezi. Kirangozi aliyevunja ahadi angerudi kupita nchi ileile msimu ujao. Ofisa wa kampuni alihamishwa, na aliyekuja badala yake hakumkumbuka yeyote.

Reli ya Wajerumani ilifika Tabora 1912 na Kigoma 1914. Mzigo ambao uliwahitaji wapagazi, makubaliano ya hongo na miezi 3 ya kula chungu kimoja sasa ulipita Ugogo kwa siku chache, na mtemi hakuulizwa. Vita ya 1914 ikawarudisha wapagazi njiani kwa njia nyingine: serikali za pande zote zilikamata vijana vijijini, zikachanganya makabila bila kujali nani anamjua nani, na makumi ya maelfu walikufa, wengi kwa kuhara na njaa. Mtaa wa Kariakoo, Dar es Salaam, una jina la jeshi hilo la wabeba mizigo la Waingereza. Kazi ilikuwa ileile, frasila mbili mabegani. Chungu tu ndicho hakikuwepo.

Utani ulibaki. R. E. Moreau, mtaalamu wa ndege aliyekuwa Amani kwenye milima ya Usambara, aliacha ndege wake kidogo akaandika juu yake. Makala zake zilitoka 1941 na 1944. Alikusanya orodha za makabila yanayotaniana, na humo kulikuwa na watani ambao mababu zao huenda hawakuwahi kuonana isipokuwa kwa sababu ya msafara. Waliofuata reli mjini walikwenda nao. Mnyamwezi akifia Dar es Salaam, mbali na Tabora, watani wa Kizaramo walikuja na majembe, wakamsema marehemu kwa uvivu wake, wakadai ujira wao, wakachimba.